Waache Wapite: Maneno kwa Wenzangu Wanaokwenda Moshi

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya asubuhi, klabu yetu ya jogging ilikaa chini ya mwembe pale Msasani, nikaombwa kuzungumza na wenzangu wanaojiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro. Wengi hawakuwepo: wengine walikuwa zamu, wengine safarini, na mmoja alikuwa amejifungua wiki hiyo. Wameniomba maneno yale. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wote, habari za asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, kaka na dada zangu, asanteni kwa nafasi hii. Mmeniomba nieleze ilikuwaje mwaka jana pale Moshi nikamaliza kilomita 21 kwa saa 1, dakika 57 na sekunde 38. Huo ndio muda wangu bora tangu nianze kukimbia, na nimeupata nikiwa na miaka 44. Nitaeleza. Ila siwezi kuanzia siku hiyo. Naanzia siku nyingine, katika barabara ileile, miaka minne nyuma, siku niliyomaliza kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 9.

Mnaokwenda kwa mara ya kwanza, sikilizeni vizuri hapa. Asubuhi ya Moshi inalevya. Unasimama nje ya uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, baridi kidogo mikononi, mbingu ikiwa safi mlima unauona pale juu na theluji yake, muziki unapigwa, maelfu ya watu wamekuzunguka. Umetoka Dar ambako ukikimbia kilomita mbili fulana inakamulika. Hapa hewa ni nyepesi kwenye ngozi. Mwili unakwambia: leo ni siku yako.

Mimi niliuamini. Hesabu yangu ilikuwa ni kumaliza kwa saa mbili kamili, na saa mbili kwa nusu marathoni ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Namba hiyo niliijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kilomita ya kwanza nikaangalia saa: 5:04. Nikajiambia, vizuri, nimeweka akiba ya sekunde 37. Ya pili, 5:08. Akiba inaongezeka. Ya tatu, 5:06. Watu walikuwa wananipita, nami nikawa naona haya kupitwa. Akinipita dada mwenye umbo kama langu, naongeza. Akinipita mzee, naongeza.

Sasa niwaulize: kuna mtu hapa aliyewahi kuweka akiba kwa kukopa?

Kwa maana hicho ndicho nilichokuwa nafanya. Sikuweka hata sekunde moja. Nilikuwa nakopa kwa mimi mwenyewe wa kilomita ya 12, na huyo hakuwa ameulizwa. Barabara ilipoanza kupanda kuelekea Mweka, deni likadaiwa palepale. Kwanza pumzi. Kisha mapaja yakawa mazito kama nimefungiwa ndoo za maji. Kilomita ya tisa nilitembea. Kulia migomba, kushoto migomba na kahawa chini yake, na bibi mmoja amekaa kwenye kigoda nje ya ua wake, kanga begani, anatutazama. Nilipofika mbele yake alisema taratibu kabisa, "Pole pole, mwanangu. Mlima hauhami."

Pole pole. Pale Mweka ndipo wanaposhukia wageni wengi waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Kila mwongozaji wa mlima ule anawaambia wageni wake neno hilohilo tangu hatua ya kwanza getini, wakati miguu bado ina nguvu na mtu hajaona sababu ya kuambiwa. Hawasubiri wachoke ndipo waseme. Mimi niliambiwa na yule bibi nikiwa nimeshachelewa.

Nikateremka mpaka uwanjani natembea na kukimbia, kukimbia na kutembea. Nilipovishwa medali nililia, na siyo kwa furaha.

Ndugu zangu, nilitumia miaka mitatu kuelewa kosa langu lilikuwa wapi. Mwanzo nilidhani sikufanya mazoezi ya kutosha. Nikaongeza mazoezi, nikapunguza muda mpaka saa 2 na dakika 6. Lakini kila mara kisa kilikuwa kilekile: naanza kwa furaha, namaliza kwa mateso. Ndipo nikaelewa kwamba kuna kitu kimoja nilikuwa sikifanyi, na hicho ndicho nilichokuja kuwaambia leo. Waache wapite. Kilomita tano za mwanzo, waache wapite.

Kwa nini? Njooni jikoni.

Kina mama, na kina baba mnaopika, mmewahi kuchemsha maharage kwenye jiko la mkaa? Maharage makavu, ya saa mbili motoni. Umetia mkaa wa kutosha kiasi hicho, si zaidi. Ukishika kipepeo ukapepea kwa nguvu tangu mwanzo, moto utawaka vizuri sana, sufuria itatokota mpaka majirani wasikie. Halafu baada ya saa moja na nusu unafunua: maharage bado magumu, mkaa umekuwa majivu. Mkaa ulikuwa unatosha. Aliyeumaliza ni kipepeo.

Mwili ni hivyohivyo. Misuli na ini vimehifadhi sukari, wataalamu wanaiita glaikojeni, na kwa mwendo mkali inatosha kama saa moja na nusu hadi saa mbili hivi. Pembeni tuna mafuta, na mafuta tunayo mengi sana, hata mtu mwembamba kabisa. Mwendo ukiwa wa utulivu, mwili unachoma mafuta kwa wingi na kuilinda sukari. Ukizidisha kasi, unaiacha ile akiba kubwa na kuivamia ile ndogo. Na joto nalo linapanda, na moyo unapanda. Dakika tano za kasi iliyopitiliza mwanzoni huwezi kuzirudisha kwa kupunguza mwendo baadaye. Sukari iliyoungua haikusubiri utulie. Ndiyo maana nasema sekunde 37 zile zilikuwa mkopo. Nilikuja kuzilipa kwa dakika nzimanzima.

Lakini msiseme haya ni ya sisi wa klabu, wenye kazi na watoto. Yamewapata hata mashujaa.

Mwaka 1982, Brisbane, Australia, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika marathoni tulikuwa na watu wawili wa kutetemesha dunia: Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga. Shahanga alikuwa bingwa mtetezi, kwa sababu alishinda marathoni ya michezo hiyo kule Edmonton mwaka 1978, na palepale Brisbane alikuwa ameshachukua dhahabu ya mita 10,000. Watanzania wetu wawili wakaondoka. Hawakuondoka kidogo, waliondoka kweli, wakawaacha wenzao nyuma. Nyumbani kwao Australia, watu wakaanza kumtafuta mkimbiaji wao, Robert de Castella. Yuko wapi? Yuko nyuma, anakimbia mwendo wake.

Hebu fikirini hali yake. Uko kwenu, umati unapiga kelele, watu wawili wameondoka na dhahabu, na wewe unaambiwa na moyo wako: bado. Inataka ujasiri gani kusema bado?

De Castella aliwafuata taratibu. Akampita Shahanga. Kisha akamfikia Ikangaa. Na hapa namheshimu Mzee Ikangaa kwa roho yangu yote, kwa sababu hakukubali. Alipopitwa, alirudi mbele. Akapitwa tena, akapigana tena. Ndizo mbio ambazo wazee wa riadha wakizisimulia wanasimama. Mwisho de Castella alimaliza kwa saa 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Sekunde 12, baada ya kilomita 42.

Simlaumu Ikangaa. Mtu aliyekuja kushinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, simpi somo la kukimbia. Aliamua kukimbia mbele, na kwa kukimbia mbele alituheshimisha. Ninachosema ni kimoja tu: kama miguu ile ilidaiwa, ya kwangu na yako itasamehewa na nani?

Waache wapite.

Sasa nije kwenye mlima, kwa sababu najua wengi wenu swali lenu ni hilo. Mtasema, mwalimu, kwa hiyo tukimbie mwendo mmoja wa utulivu, na Moshi sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni kupanda. Mwendo mmoja utatoka wapi?

Nilifundishwa jibu na mzee wa humuhumu klabuni. Yupo, amekaa pale, amenikataza nisimtaje jina. Miaka 63, dereva wa malori mstaafu, alivusha mizigo Dar hadi Tunduma miaka zaidi ya ishirini. Kwa miaka mitatu mzee huyu alikuwa ananipita kila mara kilomita nne za mwisho. Siku moja nikamuuliza, Baba, unafanyaje? Akaniuliza mimi: umewahi kupita Kitonga?

Wote mliosafiri kwenda Iringa mnaijua Kitonga. Kona juu ya kona, ukuta upande huu, bonde upande ule, malori yamejipanga yanapanda kwa kunguruma. Mzee akaniambia: "Kitonga haipandwi kwa hasira. Dereva mgeni anaingia na gia kubwa kwa sababu bado ana kasi ya tambarare. Anafika katikati, gari linaishiwa, ndipo anahangaika kutafuta gia ndogo na mzigo uko mgongoni. Gia inapunguzwa kabla ya mlima. Injini isibadilishe sauti."

Injini isibadilishe sauti! Wanaklabu, mimi nimesoma vitabu, nimesikiliza makocha, sijapata maneno bora kuliko hayo. Kwenye mlima usishike kasi, shika sauti ya injini. Injini yako ni pumzi. Kama kwenye tambarare unapumua kiasi cha kuweza kusema sentensi nzima, mlimani upumue hivyohivyo, hata kama saa inakuonyesha dakika sita na nusu. Fupisha hatua. Kifua wazi, macho mita kumi mbele, siyo kileleni. Mikono ifanye kazi. Jirani yako atakupita hapo akihema kama anapasua kuni. Mwitikie salamu, umwache.

Na kushuka? Nilimuuliza hilo pia. Akasema kuteremka Kitonga ndiko kunakoua, maana watu wanadhani kazi imekwisha. Dereva anayeshuka kwa kukanyaga breki tu anaziunguza, na anayeachia tu gari linamshinda. Unashuka na gia ndogo, gari linajizuia lenyewe.

Miguuni maana yake ni hii. Ukishuka ukijirudisha nyuma, unatua kwa kisigino mbele ya mwili, unapiga breki kila hatua, na breki ni misuli ya mapaja. Kilomita tatu baadaye inakaza. Ukijiachia kabisa, magoti yanadai. Inamisha mwili kidogo mbele kutoka kwenye vifundo vya miguu, siyo kiunoni. Hatua fupi, za harakaharaka, mguu utue chini yako. Mlima utakupa kasi wenyewe, wewe usiidai. Mimi mteremko niliufanyia mazoezi peke yake, miezi mitatu, kwenye barabara moja yenye mteremko huko Goba, kila Jumatano. Siku za kwanza nilikuwa nashindwa kukaa chini darasani kesho yake. Baada ya wiki sita mapaja yalinyamaza.

Namba sasa. Hapa nitakwenda haraka, atakayetaka zaidi aniulize pembeni. Wengi tunachagua muda wa ndoto. Saa mbili, kwa sababu inasikika vizuri. Mwili hausikii vizuri wala vibaya, unajua ilichofanya miguu. Kimbia kilomita 10 kwa uwezo wako wote, tambarare, wiki sita au saba kabla. Chukua muda huo, zidisha mara mbili, ongeza kama dakika 11 ukiwa mtu wa dakika 50 na kitu. Wa dakika 65 aongeze 13 au 14. Mimi nilipata dakika 52 na nusu. Mara mbili ni saa 1 na dakika 45, jumlisha 11, saa 1 na dakika 56. Hiyo ni tambarare. Kwa mlima wa Mweka nikaongeza karibu dakika tatu, nikapata saa 1:58:45. Niliipenda namba ile? Niliipenda sana. Lakini ingekuja 2:04 ningekimbia 2:04, na wewe yako ikija 2:20, hiyo ndiyo namba yako ya mwaka huu na ni ya kweli.

Kisha mwendo wenyewe ujifunzie miguuni. Saa za kisasa ni nzuri, ninayo, lakini kwenye umati na kona za mwanzo zinapotea, na ukiitazama kila sekunde kumi unasahau kukimbia. Mimi nilitumia Daraja la Tanzanite. Lina urefu wa kilomita moja na kidogo, limepita juu ya bahari, saa kumi na moja alfajiri magari ni machache. Nilikuwa nafunika saa kwa kitambaa cha jasho, nakimbia kutoka upande wa Coco Beach mpaka upande wa pili, kisha nakisia: nimetumia muda gani? Halafu nafunua. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakosea kwa sekunde 25, 30, na mara zote upande uleule: nilikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Yaani kasi ninayoihisi ni ya utulivu, kumbe siyo ya utulivu. Ile asubuhi ya Moshi na 5:04 yangu, sikuwa mjinga. Nilikuwa sijajifunza kusikia. Mwezi wa tatu nilikosea kwa sekunde nne. Siku hiyo nilisimama mwisho wa daraja, upepo wa bahari usoni, wavuvi wanarudi, nikafurahi kuliko nilivyofurahia medali yoyote.

Mazoezi mengine mnayajua. Mbio ndefu za Jumamosi ziwe za polepole, za kuongea, na wale wanaogeuza kila Jumamosi kuwa mashindano nawaomba waache, wanawachosha wenzao na kujichosha. Mara moja kwa wiki mbili, kilomita tano za mwisho za mbio ndefu zikimbie kwa mwendo wa mashindano, ili miguu izoee kuongeza ikiwa imechoka badala ya kupunguza. Wiki ya mwisho punguza, lala. Maji kunywa kidogokidogo kila kituo, usisubiri kiu. Raba mpya usivae siku hiyo. Na usile kitu ambacho tumbo lako halijawahi kukimbia nacho. Mimi nilikula vipande viwili vya mkate na chai ya sukari saa mbili kabla, kama kila Jumamosi.

Sasa niwapeleke siku yenyewe.

Usiku wake nilichukua kalamu ya wino mweusi nikaandika mkono wa kushoto, ndani, kutoka kiwiko kwenda chini, namba nne: kilomita ya 5, dakika 28 na nusu. 10, saa 1 na sekunde 30. 15, saa 1 na dakika 27. 20, saa 1 na dakika 53. Chini kabisa, karibu na kiganja mahali ninapoiona nikikunja ngumi, nikaandika maneno mawili. Mnayajua.

Tukaachiwa. Walinipita, ndugu zangu. Walinipita kama mvua! Wenye mwili kama wangu, wazee, kijana mmoja amebeba bendera. Kila mmoja alinichoma hapa kifuani, nami kila mara nilikunja ngumi nikasoma. Kilomita ya tano nikaangalia: 28:41. Nimechelewa sekunde 11. Moyo ukasema, unaona? Ongeza. Nikasikiliza pumzi: nasema sentensi nzima. Injini haijabadilisha sauti. Nikaiacha.

Mlima. Gia nikapunguza pale chini kabisa, mguu haujahisi kitu. Wengine kumi, ishirini, wakanipita pale. Kilomita ya 10: saa 1, sekunde 52. Nimechelewa sekunde 22. Hapo ndipo hofu ilinishika kweli. Nilifikiri, nimekuwa mwoga, nimepoteza mwaka mzima wa mazoezi kwa uoga. Nikatazama pembeni nikaona migomba ileile, na kweli sikumwona yule bibi, lakini nilimsikia.

Halafu barabara ikageuka, tukaanza kushuka.

Sijui niwaelezeje. Mtu wa kwanza niliyempata alikuwa yule kijana wa bendera, anatembea, ameshika kiuno. Nikamwambia, pole kaka, twende. Nikampita. Kisha wawili. Kisha kundi la watu sita. Sikuwa nimeongeza chochote, nilikuwa na hatua zangu fupi tu, mwili mbele kidogo, mlima unanisukuma mgongoni kama mkono wa mzazi. Kilomita ya 15, saa 1, dakika 27 na sekunde 10. Deni karibu limekwisha. Nikajiuliza: kuna nini ndani? Nikasikia kipo. Akiba ile ya kweli, ambayo sikuikopa, ilikuwepo yote.

Kilomita ya 20, saa 1:52:20. Nimetangulia sekunde 40.

Hapo nikamkumbuka mtu ambaye wakati ule alikuwa bado hajatupa zawadi yake kubwa, lakini tulimjua. Alphonce Simbu, kijana wetu wa Singida, mwanajeshi. Nilikuwa nimemtazama kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, London mwaka 2017, akichukua shaba, nyuma ya mshindi wa pili kwa sekunde mbili tu. Na ninyi wote mliona yaliyofuata Septemba 2025 kule Tokyo. Mmeona nini? Kilomita 42 za joto na unyevunyevu, Simbu amekaa kwenye kundi, haonekani sana, anasubiri. Wanaingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, mita za mwisho zinakwisha, na Simbu anakuja, anakuja, wanaangukia utepe pamoja. Wote wawili 2:09:48. Picha ikaangaliwa: Simbu kwa sekunde 0.03. Bingwa wa dunia, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nilipiga kelele mpaka mwanangu akatoka chumbani anadhani kuna mwizi. Mwaulize mtu yeyote anayejua riadha: mita zile za mwisho alizitoa wapi? Hazikutoka uwanjani. Alizibeba tangu kilomita ya kwanza.

Kilomita moja na mita 97 na nusu zilizobaki niliziachia zote. Sasa ndiyo ruhusa. Pumzi ikibadilika ibadilike, injini ipige kelele. Nilikuwa naona lango la uwanja, nasikia jina la mtu linatangazwa, sijui la nani. Niliingia kwenye nyasi za uwanja nikaona saa kubwa, na namba ya kwanza ilikuwa moja, siyo mbili, nikaanza kulia kabla sijavuka mstari. Saa 1:57:38. Nilikimbia kilomita 10 za kwanza kwa dakika 60 na sekunde 52, na kilomita 11 na ushee za mwisho kwa dakika 56 na sekunde 46.

Mzee wangu wa Kitonga alikuwa ameshafika, kakaa kwenye nyasi, amevua raba, anakula ndizi. Aliniangalia mkono, akasoma namba zilizoanza kufutika kwa jasho, akakata nusu ya ndizi yake akanipa. Hakusema kitu, nami sikuwa na pumzi ya kusema.

Wanaklabu, zimebaki wiki sita. Jumamosi ijayo, saa kumi na moja alfajiri, tunakutana darajani na vitambaa vya kufunikia saa. Wale ambao wameshakimbia kilomita 10 za majaribio, msiondoke sasa. Njooni hapa mezani mmoja mmoja na muda wenu, tupige hesabu. Kalamu ninayo, ni ileile. Mzee wetu naye yupo, muulizeni mambo ya mlima. Tuanze na dada pale mwenye fulana ya njano: kilomita 10 ulitumia dakika ngapi, mama?